Maji ya Kigoma yanaishia Atlantiki, kwa hiyo msiniambie bahari haituhusu

Kila tarehe 8 Juni, siku ya bahari duniani, lazima kuna mtu atatupia kwenye grupu letu la mtaa ile picha ya kasa kakabwa na mfuko wa plastiki, na lazima kuna jamaa mmoja (anajijua) atajibu "hizo habari za watu wa pwani, sisi huku dagaa wamepanda bei nyie mnatuletea kasa". Watu wanacheka, mada inageuka Simba na Yanga, imeisha. Na mi huwa nacheka pia maana jamaa ana mdomo kwelikweli, ila ile ya 2024 iliniudhi kidogo, kwa sababu mwaka ule tarehe 8 Juni iliangukia katikati ya ile miezi ziwa Tanganyika limefungwa, hakuna kuvua, na hicho alichokuwa analalamikia yeye, bei ya dagaa, ndiyo habari ya bahari yenyewe. Sasa kwenye grupu ukiandika aya kumi wanakutoa, nikaona nije nimwagie hapa.

Tuanze na ramani. Muulize mtu wa Mwanga au Gungu, mitaa yetu hapa Kigoma, bahari iko wapi, mkono unanyooka mashariki, Dar, kule reli inakoishia. Sawa, ile ni Bahari ya Hindi na kama Watanzania ni yetu. Ila maji yetu sisi hayaendi huko. Malagarasi inazoa maji ya Kasulu, Kibondo, Uvinza, na ya Tabora pia yanaingia humo kupitia mto Ugalla (kwa hiyo ndugu zangu wa Tabora mnaosoma msijitoe), yote yanamwagwa ziwani. Kaskazini Ruzizi inaleta ya ziwa Kivu. Halafu ziwa zima hili, lenye kina cha mita 1,470 hivi na nchi nne pembeni, lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, pale Kalemie upande wa Kongo. Lukuga inaingia Lualaba, Lualaba ndiyo inakuwa mto Kongo, inazunguka Kisangani, inapita Kinshasa, inaporomoka Inga, inamwaga Atlantiki. Wale wazee wawili tunaosimulia kila siku kwamba walikutana Ujiji mwaka 1871, Livingstone na Stanley, walipanda mtumbwi mpaka kaskazini kuangalia kama Ruzizi inatoka au inaingia, wakakuta inaingia. Lukuga yenyewe ilikuja kutambulika kuwa ndiyo njia ya kutokea mwaka 1874, Mwingereza mwingine, Cameron.

Sasa mtu asije akasema nimesema chupa ukiitupa leo Kibirizi mwezi ujao inaokotwa Atlantiki. Hapana. Maji mengi ya Tanganyika yanapotea kwa jua, yanapanda juu kama mvuke, Lukuga inatoa kiasi kidogo ukilinganisha na ukubwa wa ziwa, ndiyo maana uchafu wetu mwingi unabaki humu humu na sisi, na mi sioni kama hiyo ni habari njema. Uchafu wa Bukavu lakini, ule mji wa Kongo kando ya ziwa Kivu, unashuka. Kule mdomoni mwa ziwa Kivu takataka za plastiki zinajikusanya mpaka zinasumbua mitambo ya umeme ya Ruzizi, mashine zinasimama watu wanaingia kuopoa machupa, na Ruzizi hiyo hiyo ndiyo inashuka kuja kwetu. Kwa hiyo sisi ni chini ya mtu, na kuna mtu yuko chini yetu, na chini kabisa ya wote ni bahari.

Na kwamba mto unaweza kufika mbali kiasi gani baharini, hebu soma hii maana hata mi niliirudia mara mbili. Mwishoni mwa 2019 mto Kongo ulifurika vibaya. Januari 2020 tope lililokuwa limejazana pale mto unapoingia baharini likaporomoka, pale kuna korongo kubwa sana chini ya maji, likateremka nalo kwenda kilindini zaidi ya kilomita 1,100, na njiani likakata nyaya za intaneti zilizolazwa sakafuni mwa bahari, SAT-3 na WACS, mpaka Afrika Kusini huko mtandao ukawa unakokota. Hiyo haikuwa hujuma ya mtu, ni mafuriko na mvutano wa dunia. Lakini ndiyo ujue, tope la mto wa bara liko chini ya bahari kilomita elfu moja kutoka nchi kavu, af mtu ananiambia bara na bahari ni vitu viwili tofauti.

Sasa dagaa. Hapa ndipo ninapopapenda.

Dagaa wetu wa Kigoma, wale wa ukweli sio wale wanaouzwa Dar kwa jina letu, pamoja na lumbu, ni ukoo mmoja na saradini wa baharini. Mwaka 2008 ulitoka utafiti wa vinasaba ukaonyesha wazazi wao wa zamani kabisa walitoka baharini, wakaingia kwenye mito ya Afrika Magharibi miaka kati ya milioni 25 na 50 iliyopita, na kizazi kwa kizazi wakapanda mpaka wakafika humu. Yaani dagaa ni mtu wa pwani aliyehamia Kigoma. Na siyo yeye peke yake mwenye sura ya bahari, kuna yavuyavu pia kwenye ziwa hili, vile viumbe laini visivyo na mfupa vinavyoelea, vya kwetu ni vidogo kama sarafu na mwili wake unapitisha mwanga, ukikutana na kundi lake huku unaogelea unaweza ukashtuka ila havina shida na mtu. Na konokono wa humu magamba yao yanafanana na ya baharini kiasi kwamba miaka ya 1890 alikuja mtaalamu mmoja anaitwa Moore akashawishika kabisa kwamba ziwa hili liliwahi kuwa tawi la bahari. Alikosea, ziwa halijawahi kuungana na bahari hivyo. Lakini mi nikiangalia sinia la dagaa nachekea moyoni, namuelewa.

Haya, vitisho. Watu wakisikia kuharibu bahari wanawaza plastiki tu kwa sababu plastiki inapiga picha vizuri. Na plastiki ni tatizo, mifuko tulipiga marufuku tangu 1 Juni 2019 na kiukweli mitaro ya mjini ilipumua, ila chupa na vifungashio vingine vipo tu, nendeni mkaone ufukweni baada ya mvua ya kwanza. Kasa anaona mfuko unaelea anadhani ni yavuyavu, anameza, tumbo linaziba. Sawa. Lakini kinachomaliza samaki duniani kuliko chochote ni kitu ambacho hakipigi picha vizuri, ni sisi kuvua kwa haraka kuliko wanavyozaana. Hesabu za shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, zinasema zaidi ya theluthi moja ya akiba za samaki wa baharini zinazofuatiliwa zinavuliwa kupita uwezo wake wa kurudi.

Mfano wangu mimi huwa ni Canada, na nimemsimulia mzee mmoja wa Katonga anayeshona nyavu mpaka akaniambia mwanangu hiyo hadithi ya Wazungu nimeshaichoka. Kule Newfoundland walikuwa na chewa wa maji ya baridi wengi ajabu, karne nne na zaidi watu wanavua wanaishi. Ikaja miaka ya 1960, meli kubwa za kukokota nyavu, zenye friji na kiwanda ndani, zinavua usiku na mchana bila kurudi bandarini, mwaka 1968 wakatoa zaidi ya tani 800,000. Baada ya hapo hawakukifikia tena kiwango hicho, mwisho wakaporomoka. Wavuvi wadogo walipiga kelele samaki wanaisha, wakubwa wakasema hesabu zetu zinaonyesha wapo. Julai 1992 serikali ikafunga, ikasema miaka miwili tu samaki watarudi. Watu 30,000 hivi wakakosa kazi, vijiji vizima vikahama. Miaka miwili ikawa mitano, ikawa kumi, ikawa ishirini, na imekuja kufunguliwa rasmi Juni 2024, miaka 32 baadaye, tena kwa kiwango cha tani 18,000, na bado wapo wanasayansi waliosema mmewahi.

Juni 2024! Mwezi ule ule ambao sisi huku tulikuwa tunanung'unika kufungiwa miezi mitatu.

Nilipofika hapo yule mzee aliacha sindano akaniuliza, "Kwa hiyo hao walifunga wakati samaki wameshaondoka?" Nikamwambia ndiyo mzee. Akasema "basi hapo hawajafunga, wamezika," akaendelea na wavu wake.

Kwa wasiojua, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwa Tanganyika, ni makubaliano ya nchi zote nne, sisi, Kongo, Burundi na Zambia, maana samaki hana paspoti, ukifunga wewe mwenzako akaacha wazi umemfugia yeye. Kuna mamlaka ya pamoja ya ziwa, makao yake Bujumbura, na mkataba wenyewe ulisainiwa Dar mwaka 2003, kwa hiyo sio jambo lililoibuka jana. Mi nilikuwa upande wa kufunga na bado niko huko. Nimekulia hapa, najua migebuka ilivyokuwa na ilivyo, siku hizi unauziwa kitu kama kalamu unaambiwa mgebuka. Ukipita ufukweni unakuta kokoro linavutwa mpaka mchangani, limezoa kila kitu ikiwemo vifaranga vya kuhe na sangara ambavyo hata mboga havifai, au vijana na chandarua cha mbu kile cha msaada, tundu ambalo mbu hapiti unategemea samaki gani apone. Na kokoro linapita pale pale kwenye maji mafupi ambako samaki wanalelea watoto. Baharini wana juya, kazi ni ile ile na hasara ni ile ile.

Baharini walikuwa na cha kwao kibaya zaidi ambacho namshukuru Mungu sisi hatukukizoea, mabomu. Uvuvi wa baruti nchini umekatazwa kisheria tangu 1970 lakini kwa miaka mingi pwani kuanzia Tanga, Dar mpaka Mtwara ulikuwa unasikia milio kabisa. Mtu anatupa bomu, kila kilichopo pale kinakufa, wakubwa kwa wadogo, wengi wanazama hata haokoti, na matumbawe yanasagika. Matumbawe ni wanyama, sio mawe, yale yenye umbo kubwa yanakua kama sentimita moja kwa mwaka, kwa hiyo kitu kilichovunjwa kwa sekunde moja mjukuu wako ndiye atakuja kukiona kikiwa kizima, kama atakiona. Doria za vyombo mbalimbali kwa pamoja zilivyokazwa kuanzia 2015 na kuendelea milio ilipungua sana. Kwa hiyo inawezekana, tukiamua.

Na wale wa mbali nao wapo, meli za kigeni kwenye kina kirefu. Wengi mnakumbuka samaki wa Magufuli, 2009, akiwa waziri wa uvuvi, meli ya Tawariq 1 ikakamatwa inavua jodari kwenye maji yetu bila kibali, samaki karibu tani 300 wakagawiwa kwenye taasisi. Watu tulicheka na kula, ila wachache walijiuliza kama moja imekamatwa na tani 300 ngapi zimepita.

Kuna kitu kimoja lakini ambacho doria haiwezi kukikamata na kufunga ziwa hakukigusi, joto. Hapa naomba mnivumilie maana ni muhimu. Ziwa letu chini ni baridi na hakuna hewa, ukishuka zaidi ya mita 100 mpaka 200 samaki haishi, lakini huko chini ndiko mbolea ilikozama, mabaki ya kila kilichokufa. Kusi likivuma, kuanzia Mei mpaka Septemba, linasukuma maji ya juu yenye joto kwenda kaskazini, kule kusini upande wa Mpulungu maji ya chini yanapanda na mbolea yake, vijani vidogo vya majini vinaota, wadudu wanakula vijani, dagaa anakula wadudu, mgebuka anakula dagaa, mimi nakula mgebuka na mawese. Sasa maji ya juu yakizidi joto yanakuwa mepesi, hayataki kuchanganyika na ya chini, mbolea inabaki imefungiwa huko. Mwaka 2003 wanasayansi walitoa utafiti kwamba chakula cha msingi cha ziwa kimeshuka kama asilimia 20, na wakakadiria samaki kupungua karibu asilimia 30, kwa sababu ya joto, bila hata kuhesabu nyavu. Na baharini ni hivyo hivyo ila kwa ukubwa wa kutisha, zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada ambalo dunia imepata kutokana na moshi wetu limemezwa na bahari. Maji yakipata joto la ziada wiki kadhaa tu matumbawe yanatema vile vijani vinavyoishi ndani yake na kuyalisha, yanabaki meupe, yakikaa hivyo sana yanakufa. Pwani ya kwetu yalipigwa vibaya 1998, na Aprili 2024 ikatangazwa kwamba yanapauka dunia nzima kwa mara ya nne.

Kwa hiyo mvuvi wa Kibirizi anaweza akafuata kila sheria, akawa na leseni, akawa na wavu wenye tundu halali, akapumzika mbalamwezi, af bado samaki wakapungua kwa sababu ya viwanda na magari ambavyo hata hajawahi kuvipanda. Hii inaniuma, sifichi. Na ndiyo sababu siwapendi wale wanaokuja na semina ya siku mbili hotelini kumwambia huyu mvuvi kwamba yeye ndiye adui wa mazingira, posho wanachukua wao.

Tope ni letu lakini. Milima juu ya ziwa tumeikwangua, mkaa, mashamba ya muhogo mpaka mteremkoni, mvua ikinyesha udongo mwekundu unaingia ziwani unafunika mawe ambako samaki wale wa rangirangi wanataga, wale ambao wengine hawapatikani popote duniani zaidi ya humu. Pwani tope la mito linafunika matumbawe vile vile. Jane Goodall aliyeanza na sokwe wa Gombe 1960 alikuja kuona kwamba huwezi kulinda sokwe huku milima ya vijijini imebaki kipara, ndiyo mradi wa miti na wanakijiji ukaanza 1994, na kuna vijiji ukipita kwa boti leo unaona kijani kimerudi. Na Mahale hifadhi haikuishia nchi kavu, imechukua na ukanda wa ziwa wa kilomita 1.6 kutoka ufukweni. Wazo lile lile la Mafia, hifadhi ya bahari ya kwanza nchini, 1995, ambako papa potwe anakuja kila mwaka karibu kabisa na Kilindoni na watu wanalipia kumwangalia tu.

Na kama mtu anadhani kuacha kuvua hakusaidii, aangalie nyangumi. Walichinjwa karne nzima kwa ajili ya mafuta, biashara ikasimamishwa kimataifa 1986, leo nyangumi wa nundu wanapita pwani yetu kati ya Julai na Oktoba na watoto wao.

Narudi kwenye miezi mitatu maana ndipo ugomvi ulipo. Tatizo langu na kufunga sio kufunga, ni nani analipa. Mwenye boti ana akiba, ana duka, ana bodaboda barabarani, anasubiri. Yule mama anayeanika dagaa kwenye chanja kwa kibarua cha siku, kijana wa kubeba makreti, anayechaji taa za sola za kuvulia, hao tarehe 16 Mei asubuhi hawana kitu, na ukimwambia habari za Newfoundland atakuangalia tu. Wapo walioingia majini kwa kuiba usiku, kila mtu anajua, na mi sikuwa na ujasiri wa kuwaita wahalifu nikiwa nimeshiba. Nchi nyingine zinazofunga uvuvi zinatenga fungu la hao watu kabla ya tarehe haijafika, na kama faida ya samaki kukua ni ya wote kuanzia mjini mpaka Lubumbashi wanakopelekwa wakiwa wakavu, basi gharama nayo isibebwe na mama wa chanja peke yake. Hilo ndilo ningependa tulipigie kelele kwenye vikao vya kata badala ya kubishana kama samaki wanaisha au hawaishi.

Jamaa yangu wa kwenye grupu najua utasoma, link nimeshakutumia inbox. Na wakitangaza kufunga tena, nunueni dagaa wakavu mapema Aprili, Mei mtalia.